Video zetu zinaishia stendi ya Ifakara

Hii ni mada iliyotolewa kwa vijana wa kata ya Katindiuka kwenye darasa la mawasiliano. Tumeiacha ilivyozungumzwa. Maagizo ya kompyuta tu ndiyo tumeyaandika kamili, ili mtu ayanakili bila kukosea herufi.

  

Nianze na swali. Nani hapa ana video ya mkutano wetu kwenye simu yake? Nyoosheni mikono. Haya, naona karibu nusu. Sasa nani ana mzazi, mjomba au jirani ambaye hajaiona hiyo video, na si kwamba hataki, ila simu yake haifungui? Mikono ni ileile, na imeongezeka.

Basi hapo ndipo tatizo letu lilipo. Sisi tunajua kurekodi. Kila kijana hapa ni mpiga picha. Mkutano ukifanyika, baada ya nusu saa zimepanda statasi ishirini. Lakini video hizo zinawafikia watu walewale wenye simu janja na bando, watu wa mjini, watu wa stendi na sokoni. Ukivuka hapo ukaenda Mbingu, Chita, mpaka Mlimba kule, ukaingia mashambani, hamna kitu. Video zetu zinaishia stendi ya Ifakara. Halafu tunashangaa kwamba mtu wa kule hajui tulisema nini.

Na msiniambie dawa yake ni mtandao. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. X ilikuwa imefungwa tangu Mei ya mwaka huohuo. Hata uchaguzi wa 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, wengine mnakumbuka mlivyohangaika na VPN. Kwa hiyo mtu anayepanga kazi ya mawasiliano ya chama huku bondeni, akaitegemea intaneti peke yake, amepanga kazi ya siku za amani tu. Siku ile inapohitajika haipo.

Kitu ambacho hakikukatwa ni memori kadi. Mnawajua wale vijana wenye laptopu na spika, wanaorusha nyimbo na muvi kwa watu? Unampa kadi yako na hela kidogo, anakujazia. Hiyo ndiyo intaneti ya bonde la Kilombero, ilikuwepo kabla ya bando na itakuwepo baada yake. Kadi ya GB 32 kwenye mfuko wa bodaboda, au kwa abiria wa treni ya TAZARA anayeshuka Mlimba, inabeba mzigo ambao kwa bando ungemfilisi mtu. Tatizo ni kwamba yule kijana wa laptopu anajua kitu ambacho sisi hatujakijua: anajua kila kifaa kinakula chakula gani. Ukimletea kitochi anakuwekea cha kitochi, ukija na fleshi ya deki anakuwekea cha deki. Sisi tunachukua video ya simu janja, tunaitupa kama ilivyo, basi.

Hebu tuelewane kwanza hii kitu inaitwa fomati. Watu wengi wanadhani MP4 ni aina ya video. Hapana, MP4 ni gunia. Ukiona gunia njiani hujui ndani kuna mpunga, mchele au pumba mpaka ulifungue. Ndani ya gunia la MP4 picha inaweza kuwa imefungashwa kwa njia ya H.264, ambayo imekuwepo tangu 2003 na karibu kila simu janja inaielewa. Au imefungashwa kwa H.265, ya mwaka 2013, ambayo simu nyingi mpya zinarekodi nayo kwa sababu inabana zaidi. Sasa unapeleka faili kwenye luninga ya zamani ya kibanda umiza, jina linaonekana, mwisho wake umeandikwa mp4, ukibonyeza unasikia sauti na picha hamna. Watu wanasema fleshi mbovu. Fleshi nzima kabisa. Gunia wanalijua, kilichomo ndani hawajawahi kukiona.

Kwa hapa kwetu mimi nahesabu walaji wanne. Mwenye simu janja na bando dogo. Kibanda au nyumba yenye deki ya zamani yenye tundu la fleshi. Mwenye kitochi chenye kadi. Na wa nne, ambaye mimi nampenda kuliko wote, ni redio: sabufa ya nyumbani au kile kiredio kidogo cha fleshi ambacho mtu anaondoka nacho kwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Yule mtu anakaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, siku baada ya siku, na redio iko sikioni. Hana haja ya picha. Ukimpa hotuba ya saa nzima ataisikiliza yote, tena mara tatu. Niambieni ni mtu gani wa statasi anayesikiliza hotuba saa nzima!

Tupige hesabu sasa, maana hesabu hii ndiyo kazi yenyewe. Ukubwa wa faili hautokani na uzuri wa picha. Unatokana na kilobiti ngapi umeruhusu kwa kila sekunde. Chukua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde zote, gawa kwa 8, unapata kilobaiti. Ondoa sifuri tatu, una MB. Simu ya kawaida ikirekodi kwa ubora wa 1080 inatumia kama kilobiti 17,000 kwa sekunde. Dakika tano ni sekunde 300. Zidisha, gawa kwa 8: MB 637. Nani atapakua MB 637 ili amsikilize diwani mtarajiwa? Hata mama yake mzazi hapakui.

Kwa miaka mingi WhatsApp ilikuwa haipokei video inayozidi MB 16. Siku hizi inakubali kubwa zaidi, lakini kukubaliwa kutumwa si kufika, kwa hiyo mimi bado natumia MB 16 kama kipimo cha adabu. Dakika tano ziingie kwenye MB 16: toa kilobiti 360 kwa picha na 48 kwa sauti, jumla 408. Zidisha kwa 300, gawa kwa 8, ni MB 15.3. Imeingia. Picha itakuwa ndogo, lakini kwenye kioo cha simu uso unaonekana na maneno yanasikika vizuri. Ya deki, mpe kilobiti 1,000 za picha na 128 za sauti, ni MB 42, kwenye fleshi hiyo si kitu. Ya kitochi, 96 na 24, ni MB 4.5. Sauti peke yake kwa redio, kilobiti 32, dakika tano ni MB 1.2. Saa nzima ya hotuba ni MB 14 na kitu. Yaani kadi moja ya GB 4, ile ambayo watoto wanachezea, inabeba zaidi ya saa 250 za sauti. Kampeni nzima ya jimbo, hotuba zote, na nafasi inabaki ya taarabu.

Sasa kazi yenyewe. Mkutano mmoja unakuja na vipande kumi na tano kutoka kwenye simu tofauti. Vipande kumi na tano mara fomati nne ni faili 60. Mkikaa na zile programu za kubonyezabonyeza, unafungua video, unachagua fomati, unasubiri, unarudia, mtu atafanya sita, atachoka, atasema zinatosha. Na atakazoacha siku zote ni zile za kitochi na redio, kwa sababu yeye mwenyewe hatumii. Nimeona hili kwenye matawi zaidi ya moja. Hakuna aliyekusudia kumbagua mtu wa kijijini. Uchovu tu ndio unaombagua. Ndiyo maana nasema kazi hii apewe kompyuta: kompyuta haichoki saa nane usiku na haina dharau na kitochi.

Programu inaitwa FFmpeg. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa mmoja, Fabrice Bellard, ikaendelezwa na watu wengi duniani, na ni ya bure, haina leseni ya kununua wala ya kuiba. Ile VLC mnayochezea muvi inatumia sehemu za kazi hiyohiyo. Kuna nyingine nzuri yenye vitufe, HandBrake, nayo ya bure, inaweza kupanga foleni ya video nyingi. Kwa asiyependa kuandika maagizo naipendekeza, lakini ijulikane kwamba HandBrake haitoi AVI ya deki wala 3GP ya kitochi. Kwa walaji wetu wanne inalisha mmoja tu. Na tafadhali, zile programu za kubadilisha video mnazookota mitandaoni zikiwa zimevunjwa, achaneni nazo. Mnabeba virusi mnavileta kwenye kompyuta yenye orodha ya wanachama.

FFmpeg haina vitufe. Unaandika agizo, inafanya. Watu wanaogopa hapo, lakini faida yake ni kwamba agizo ukishaliandika mara moja kwenye faili, unaliita miaka yote. Ukiwa na laptopu ya Linux sawa. Asiye na laptopu, simu ya Android inaweza: unaweka Termux, ichukueni F-Droid, halafu unaandika pkg install ffmpeg, na termux-setup-storage ili iruhusiwe kusoma faili zako. Simu itapata moto na itachukua muda mrefu, ila inafanya.

Kwanza tengenezeni folda tatu. Ya kwanza iitwe asili, ya pili ruhusa, ya tatu tayari. Nitaeleza kwa nini tatu na si mbili, na hapo ndipo nitakapokaa sana leo. Agizo la mlaji wa kwanza na wa nne ni hili:

mkdir -p tayari
for f in ruhusa/*.mp4; do
j=$(basename "$f" .mp4)
if [ ! -f "tayari/$j-simu.mp4" ]; then
ffmpeg -nostdin -y -i "$f" -map_metadata -1 -vf "scale=640:640:force_original_aspect_ratio=decrease:force_divisible_by=2" -c:v libx264 -preset slow -b:v 360k -c:a aac -ac 1 -b:a 48k -movflags +faststart nusu.mp4 && mv nusu.mp4 "tayari/$j-simu.mp4"
fi
if [ ! -f "tayari/$j-redio.mp3" ]; then
ffmpeg -nostdin -y -i "$f" -map_metadata -1 -vn -c:a libmp3lame -ac 1 -b:a 32k nusu.mp3 && mv nusu.mp3 "tayari/$j-redio.mp3"
fi
done

Linatisha kwa macho tu. Linasema hivi: kwa kila video iliyomo kwenye folda ya ruhusa, angalia kama nakala yake ya simu ipo. Kama haipo, itengeneze. Halafu angalia ya redio. Ukimaliza, nenda inayofuata. Kwa deki, ongezeni kipande cha tatu cha namna hiyohiyo, mwisho uwe avi, picha iwe -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1000k, sauti libmp3lame kilobiti 128, na picha isizidi 720 kwa 576. Kwa kitochi mwisho ni 3gp, picha 176 kwa 144, fremu 12 kwa sekunde, -c:v mpeg4 -b:v 96k, sauti aac kilobiti 24. Kitochi kina tabia zake, kwa hiyo kabla ya kutoa nakala mia, jaribuni moja kwenye simu ya mzee yeyote aliye karibu.

Kuna vitu viwili humo ndani nataka mvione. Kimoja ni nusu.mp4. Kwa nini haliandiki moja kwa moja jina la mwisho? Kwa sababu ya umeme. Bwawa la Kidatu lina mitambo ya megawati 204, Kihansi megawati 180, na bado umeme hapa unakatika katikati ya kazi. Hilo tutalisema jukwaani siku nyingine. Ukikatika wakati video iko nusu, unabaki na faili bovu lenye jina zuri, na kesho kompyuta itadhani limeshakamilika. Kwa mtindo huu, kinachobaki ni kitu kinaitwa nusu. Umeme ukirudi unaliita agizo tena, linaruka zote zilizokamilika, linaanzia ilipokatikia. Mnaweza kulala.

Cha pili ni lile neno slow. Mtu mwenye haraka angeweka la kasi zaidi. Lakini kwa kilobiti zilezile 360, kompyuta ikipewa muda zaidi wa kufikiri inatoa picha safi zaidi. Sisi tunafanya kazi usiku, muda tunao, bando ndilo hatuna.

Sasa hizo folda tatu.

Bonde hili si mahali pa mchezo. Ni eneo la Ramsar tangu 2002, na mwaka 2023 pori tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi likawa pori la akiba. Watu wanalima mpunga karibu na bikoni, wafugaji wana ng'ombe wao karibu na bikoni, na kila mmoja ana maneno ya kusema juu ya bikoni hizo. Wanatuita, wanatuonyesha, wanatuambia rekodini. Tuseme mama mmoja amesimama kwenye jaruba lake, anaeleza nani alikuja, siku gani, alisema nini. Kijana wetu amerekodi kwa simu. Kama simu imewashwa ile sehemu ya kuhifadhi mahali, ndani ya faili kumeandikwa tarehe, saa, mara nyingi na aina ya simu, na mahali penyewe kwa namba za ramani. Ukilituma faili hilo kama dokumenti, au ukalinakili kwenye fleshi, namba hizo zinakwenda nalo. Anayezitaka anazipata kwa dakika moja, anakwenda mpaka kwenye jaruba.

Na hapa msikie vizuri: FFmpeg yenyewe, ukiiacha, inahamisha maelezo hayo kutoka faili la zamani kwenda jipya. Ndiyo kazi ya -map_metadata -1. Linasema usihamishe maelezo. Msilifute neno hilo hata kama agizo linaonekana refu. Pia mpiga picha azime ile ya mahali kabla hajarekodi mtu wa namna hiyo, na jina la faili lisiwe jina la mama. Kuna watu wanafuta kila kitu halafu faili wameliita kwa jina la shahidi na kitongoji chake!

Lakini agizo haliwezi kufuta uso. Haliwezi kufuta sauti, na sauti ya mtu kijijini ni kitambulisho, watu wanaijua hata gizani. Haliwezi kujua kwamba nyuma ya mama kuna mti ambao kila mtu anaujua. Kompyuta haijui nani atasumbuliwa kesho. Kwa hiyo mashine zibadilishe fomati, zibadilishe elfu, lakini uamuzi wa nini kitoke usipewe mashine. Video zote zinaingia kwenye asili. Kutoka asili kwenda ruhusa, mtu anaihamisha nakala kwa mkono wake, baada ya kuitazama yote mwanzo mpaka mwisho, na baada ya kumuuliza aliyerekodiwa. Mnamuuliza hivi: mama, hii itaonekana kibandani, itasikika kwenye redio za watu, itafika Mlimba, unakubali? Akikataa uso lakini akakubali sauti, inatoka sauti tu. Akikataa vyote, inabaki asili. Najua kuna makamanda hapa wataniona naogopa. Sawa. Mimi huwa narudi nyumbani kwangu baada ya mkutano, yeye anabaki pale kwenye jaruba.

Folda ya asili ina kazi ya pili. Siku ikifika mahakamani, iwe kesi ya uchaguzi au ya ardhi, ile nakala ya MB 15 haitakusaidia sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haikatai ushahidi eti kwa sababu ni wa kielektroniki. Ila katika kuupima inaangalia ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, uadilifu wake ulilindwaje, na aliyeutoa anatambulikaje. Ukisimama ukasema niliipata kwenye grupu, umekwisha. Na upande wa pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, cha taarifa za uongo. Mtu akidai video umeitengeneza, kinga yako ni faili lililotoka kwenye simu bila kuguswa.

Kwa hiyo video itoke kwenye simu kwa waya, si kwa WhatsApp, maana WhatsApp nayo inaibana upya. Video iliyobanwa mara tatu ni kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu, rangi ipo, chai hamna. Ikishaingia asili, kabla ya kitu kingine, mnachukua alama yake ya dole gumba:

sha256sum asili/*.mp4

Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Inatoa herufi na tarakimu 64. Badilisha kitu kidogo sana ndani ya video, hata kisichoonekana kwa macho, zinatoka nyingine kabisa. Andikeni 64 hizo kwenye kaunta buku, kwa peni: tarehe, nani alirekodi, simu gani, nani alipokea, na sahihi za wote wawili. Kisha mpelekeeni wakili wa chama zile alama peke yake siku hiyohiyo, hata kwa meseji ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye mtu akisema mmeichezea, alama inachukuliwa tena mbele yake. Zikilingana, ataanza na hoja nyingine.

Najua swali linalokuja: kaunta buku kwenye karne hii? Ndiyo. Laptopu inaibiwa, inachukuliwa, inaingia maji. Wenye nyumba upande wa mto Lumemo hawahitaji kuelezwa habari ya maji. Asili iwe na nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, na moja iwe mbali na mto.

Kuhusu kusambaza sitasema mengi, mnajua kuliko mimi. Ila wale vijana wa kurusha nyimbo tuongee nao kwa heshima, ni biashara yao. Tusiwaambie waweke za chama bure na kwa nguvu. Tuwape folda iliyokamilika, imepangwa: redio, kitochi, deki, simu. Mteja akija na kadi anaulizwa, unataka na ya mkutano? Akisema hapana, hapana. Na wawe huru kumpa hata mwanachama wa chama kingine, tena huyo apewe wa kwanza.

YouTube msiipelekee nakala ya MB 15. Yenyewe inabadilisha fomati zake huko ndani, kwa hiyo mpe kubwa yenye ubora, ila iwe imetoka kwenye ruhusa na maelezo yamefutwa. Hapo -c copy inatosha: hamisha bila kubana upya, pamoja na -map_metadata -1. Inachukua sekunde.

Basi. Mgawanyo wa kazi nilioongea na viongozi ni kwamba kata inahitaji watu watatu: mmoja wa asili na kaunta buku, mmoja wa kutazama na kuomba ruhusa, mmoja wa kuendesha agizo. Wa ruhusa asiwe ndiye anayeendesha agizo, na ningependa awe dada, kwa sababu wengi wanaotuita kutueleza mambo ya mashamba ni akina mama, na wanaongea naye tofauti. Laptopu ya zamani ya mtu yeyote inafaa, hata iliyovunjika kioo, tutaichomeka kwenye luninga. Waliokuja na kadi na vitochi wasogee mbele, tuanze na cha mzee pale nyuma tuone kama 3GP inafunguka. Mzee, naomba tukiazime dakika tano.